Mwongozo kamili: namna ya kumwandikia ajenti wa AI maelezo ya Timewarrior ili asikuharibie rekodi za masaa yako

Siku moja asubuhi nilimwambia ajenti wangu, kwa Kiswahili kama nnavyoongea siku zote, "nimeanza kazi ya duka saa tatu, niandikie". Akaandika `timew start 3:00 duka`, programu ikakubali bila kelele yoyote, nami nikaendelea na kazi. Saa tano nikasimamisha, nikaangalia ripoti, nakuta masaa nane. Nimefanya masaa mawili, rekodi inasema nane, kwa sababu kwa kompyuta 3:00 ni saa tisa usiku nikiwa bado nimelala. Nisingeangalia siku ile, mteja angeletewa invoisi yenye masaa sita ambayo hakuna mtu aliyeyafanya, na mteja akishakukamata na kitu kama hicho mara moja hata ukieleza vipi hakuamini tena.

Ajenti hakukosea kutumia programu, aliandika amri sahihi kabisa. Kilichokosekana ni maelezo, yaani yale mambo ambayo mimi na wewe tunayajua bila kuambiwa, hakuna aliyekaa chini akamwandikia. Tangu hapo nimeandika na kurekebisha faili langu la maelezo mara nyingi, na huu mwongozo ni hiyo kazi yote nimeipanga ili mwenzangu usianzie sifuri. Nasema ajenti kwa sababu ukisema wakala mtu anafikiria kibanda cha M-Pesa, namaanisha zile AI zinazoweza zenyewe kufungua terminali (lile dirisha la kuandikia kompyuta amri), kuandika amri, kusoma majibu na kuendelea.

Natumia Timewarrior, programu ya bure ya kurekodi muda kwenye terminali, amri yake ni `timew`, inatoka kwa watu wale wale wa Taskwarrior, ile programu ya orodha ya kazi. Kama unatumia nyingine fuata hatua hizi hizi, utabadilisha majina ya amri tu.

Kwanza kabisa: tengeneza uwanja wa majaribio

Usianze kuandika kitu kabla hujaendesha kila amri wewe mwenyewe na kuona inajibu nini. Maelezo yanayokuja na programu (`timew help`, au `man timew-start`) ni mazuri ila yameandikwa kwa ajili ya mtu, na mtu akiona kitu cha ajabu kwenye skrini anasita. Ajenti hasiti, anaendelea.

Timewarrior inaruhusu kuhamisha rekodi kwa kutumia kigezo kimoja, kwa hiyo fanya hivi:

```
export TIMEWARRIORDB=/tmp/timew-jaribio
timew summary :yes
```

Hapo umepata ghala jipya tupu ambalo unaweza kulivuruga upendavyo, rekodi zako halisi ziko salama. Angalia hiyo `:yes`. Bila hiyo, mara ya kwanza programu inauliza kama itengeneze ghala jipya na inasubiri ujibu. Wewe utajibu, ila ajenti mara nyingi hana pa kujibia, atakwama hapo au atadhani programu imeharibika aanze kui-install upya. Hiki ni kitu cha kwanza cha kuandika kwenye maelezo yako: amri ipi inauliza swali, na jibu linatolewaje mapema.

Sasa endesha amri moja moja, na kila moja nakili inachotoa hadi neno la mwisho. Anza na `timew start duka`, kisha `timew` peke yake, kisha `timew stop`, halafu `timew stop` tena wakati hakuna kinachoendelea uone inalalamikaje. Hiyo ya mwisho ndo muhimu kuliko zote. Itakwambia "There is no active time tracking.", sasa ajenti akiona hivyo afanye nini? Aanzishe rekodi mpya? Abuni muda? Kwangu nimeandika: *ukiona ujumbe huu, usirekebishe chochote, niambie kwamba hakuna saa iliyokuwa inakimbia na uniulize nilianza lini.*

Faili linakaa wapi na liwe refu kiasi gani

Weka faili linaloitwa `AGENTS.md` kwenye folda kuu la kazi yako. Maajenti wengi saivi wanalitafuta jina hilo wenyewe, ila wengine wana jina lao, mfano Claude Code inasoma `CLAUDE.md`, basi tengeneza na hilo na ndani yake weka mstari mmoja tu `@AGENTS.md` ili yote mawili yaelekee sehemu moja. Usinakili maelezo mara mbili. Utarekebisha moja usahau lingine, na baada ya mwezi una mafaili mawili yanayobishana.

Kuhusu urefu, hili faili linasomwa kila ajenti anapoanza kazi, hata siku ambayo hukumtuma kitu cha masaa, kwa hiyo kila mstari unakula nafasi kichwani mwake. Langu lina kama ukurasa mmoja na nusu. Nilijaribu kuweka kila kitu, hadi amri ambazo sijawahi kuzitumia, nikaona anaanza kusahau yale ya msingi, nikapunguza. Kama yako yanazidi kuwa marefu na ajenti wako anakubali skili, hamishia kwenye faili la `SKILL.md` lenye jina na maelezo mafupi juu yake, hapo ataona yale mafupi tu na mengine atayafungua akiyahitaji.

Lugha? Mimi nimeandika Kiswahili na kinaeleweka vizuri, amri zimebaki kama zilivyo. Andika kwa lugha ambayo ukiisoma unaona kosa haraka.

Saa ya Kiswahili, hapa kaa muda mrefu

Hakuna maelezo ya programu yoyote yatakayokusaidia hapa kwa sababu waliotengeneza hawahesabu saa kama sisi. Sisi siku inaanza kuhesabiwa jua likichomoza, saa moja asubuhi ni 07:00, na usiku unaanza upya saa moja ni 19:00. Ajenti anaijua hii hesabu ukimuuliza moja kwa moja, atakueleza vizuri kabisa, lakini akiwa katikati ya kazi anateleza, anaona "saa tatu" anaandika 3. Ndo maana inabidi iwe imeandikwa, tena kwa mifano, kanuni peke yake haitoshi.

Yangu iko hivi:

```
SAA
Ninaposema "saa" + namba, ni saa ya Kiswahili. Geuza kabla
ya kuandika amri:

saa 12 asubuhi = 06:00      saa 12 jioni   = 18:00
saa 1 asubuhi  = 07:00      saa 2 usiku    = 20:00
saa 3 asubuhi  = 09:00      saa 4 usiku    = 22:00
saa 6 mchana   = 12:00      saa 6 usiku    = 00:00
saa 8 mchana   = 14:00      saa 8 usiku    = 02:00
saa 10 jioni   = 16:00      saa 11 alfajiri = 05:00

saa tatu kasorobo asubuhi = 08:45
saa kumi na nusu jioni    = 16:30

"saa 3:00" yenye neno saa mbele ni Kiswahili pia = 09:00.
"14:30" bila neno saa ni saa 24, usiigeuze.
"saa 14:00" (namba kubwa kuliko 12) usiigeuze.

Kabla ya kuandika rekodi, nirudishie kwa namna zote mbili:
"Saa tatu asubuhi, yaani 09:00, sawa?"
```

Huo mstari wa mwisho umeniokoa kuliko jedwali lote. Akirudisha kwa namna zote mbili kosa linaonekana hapo hapo kabla halijaingia, na inanichukua sekunde mbili kusema ndio.

Hiyo "saa 3:00" niliiongeza baadaye, maana wengi wetu tunavyochati tunaandika hivyo, "tukutane saa 3:00 asubuhi", na ajenti akiona nukta mbili anaamini moja kwa moja kwamba ni ya kompyuta.

Kuna jambo la asubuhi na usiku pia. Nikisema "saa tatu" tu bila kusema ya lini, inaweza kuwa 09:00 au 21:00. Nimemwandikia kwamba kama moja kati ya hizo bado haijafika leo basi ni ile iliyokwisha kupita, kwa sababu narekodi kazi niliyoifanya, sio nitakayoifanya, na kama zote mbili zinawezekana aulize.

Halafu usiku wa manane. Kiswahili kina namna yake nzuri sana ya kulimaliza hili, "usiku wa kuamkia Jumanne", hapo hakuna ubishi, saa saba usiku wa kuamkia Jumanne ni Jumanne 01:00. Lakini "Jumatatu usiku saa saba"? Wengine watamaanisha usiku ule ule baada ya Jumatatu, ambao kwa kalenda tayari ni Jumanne. Na wazee wa pwani ambao siku kwao inageuka magharibi, ukisema usiku wa Ijumaa wanaelewa ule wa Alhamisi jioni kwenda mbele. Usimwachie ajenti achague. Andika: *muda wowote kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi, niulize "ni usiku wa kuamkia siku gani?" kabla ya kurekodi.*

Ajenti hajui sasa hivi ni saa ngapi

Watu wengi hawalifikirii hili. Ajenti hana saa kichwani, anajua tu alichosoma, kwa hiyo mstari wa kwanza kabisa wa kazi yoyote ya muda uwe kuendesha `date`. Na sio `date` tu, aangalie na ukanda wa saa. Kama ajenti anafanya kazi kwenye laptopu yako pengine iko sawa, ila wengi wanaendeshwa kwenye seva za mbali na seva nyingi zimewekwa UTC, ile saa ya kimataifa, ambayo iko masaa matatu nyuma yetu Afrika Mashariki. Ukimwambia 09:00 akaandika 09:00 kwenye seva ya UTC, rekodi itakuja kusomeka kwako kama 12:00. Yaani kageuza saa ya Kiswahili vizuri, kafuata maelezo yote, na bado kakosea.

Dawa yake:

```
export TZ=Africa/Dar_es_Salaam
date +"%F %H:%M %Z"
```

Ikitoka EAT (saa za Afrika Mashariki) endelea, isipotoka EAT simama. Nairobi na Kampala ni EAT pia. Mwenzangu uliye Kigali, Bujumbura au Lubumbashi wewe uko saa moja nyuma yetu, UTC+2, na aliye Muscat yuko saa moja mbele, UTC+4, kwa hiyo weka jina la mji wako na usinakili langu kama lilivyo.

Z iliyoko mwishoni

Ajenti akitaka kusoma rekodi, mkataze kusoma `timew summary`. Ile ni meza iliyopangwa kwa ajili ya macho ya mtu, tarehe inaandikwa kwenye mstari wa kwanza wa siku tu, inayofuata inaachwa wazi, na jumla ya siku inakaa kwenye mstari wa mwisho. Macho yetu yanajaza yenyewe. Ajenti wakati mwingine anajaza, wakati mwingine anachukua jumla ya siku anadhani ni muda wa kazi ile ya mwisho. Mwambie atumie `timew export` ambayo inatoa JSON, yaani maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome, na mwambie wazi kwamba hakuna `--json`, maana hawa wana tabia ya kubuni vibendera vya programu nyingine walizozisoma huko.

Rekodi moja inatoka hivi:

```
{"id":1,"start":"20250616T060000Z","end":"20250616T080000Z","tags":["duka"]}
```

Hebu iangalie hiyo vizuri. Nilianza saa tatu asubuhi. Kwenye ukuta wa ofisi za watu wengine ni 09:00. Kwenye rekodi ni 06. Tatu, tisa, sita, namba tatu tofauti na zote ni dakika ile ile moja. Hiyo Z mwishoni maana yake ni UTC, na ajenti akiipita bila kuiona atakwambia ulianza saa 06:00, au vibaya zaidi atakwambia ulianza saa sita.

Na inaweza kukuhamishia pesa kutoka mwezi mmoja kwenda mwingine. Chukua kazi uliyoanza saa saba usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 1 Julai 2025. Kwenye rekodi inasomeka `20250630T220000Z`. Ajenti akikata zile namba nane za mwanzo akasema hii ndo tarehe, kazi ya Julai inaingia kwenye invoisi ya Juni. Sisi tunaofanya kazi usiku kwa sababu ya umeme au intaneti kuwa nafuu na tulivu, hili linatugusa kila mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo usimwachie ajenti ajumlishe kichwani, mpe skripti. Hii ndo yangu, nimeiita `jumla.py`:

```
import json, sys
from datetime import datetime, timezone
from zoneinfo import ZoneInfo

HAPA = ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam")

def soma(s):
    t = datetime.strptime(s, "%Y%m%dT%H%M%SZ")
    return t.replace(tzinfo=timezone.utc).astimezone(HAPA)

jumla = {}
for r in json.load(sys.stdin):
    if "end" not in r:
        print("BADO INAKIMBIA:", soma(r["start"]))
        continue
    a, b = soma(r["start"]), soma(r["end"])
    siku = a.date()
    jumla[siku] = jumla.get(siku, 0) + (b - a).total_seconds()

for siku in sorted(jumla):
    print(siku, round(jumla[siku] / 3600, 2))
```

Inaendeshwa hivi, `timew export 2025-06-01 - 2025-07-01 duka | python3 jumla.py`. Rekodi ambayo haijafungwa haina `end` kabisa, ndo maana kuna ile sehemu ya BADO INAKIMBIA. Kwenye maelezo andika: *ukitaka jumla yoyote tumia jumla.py, usijumlishe mwenyewe hata kama ni rekodi mbili.*

Namba za @ zinahama

Kila rekodi ina namba, `@1` ndo ya karibuni zaidi, `@2` iliyotangulia, hivyo hivyo. Ukianzisha rekodi mpya zote zinasogea, iliyokuwa `@1` inakuwa `@2`. Ukifuta `@2`, iliyokuwa `@3` inaitwa `@2`. Sasa mwambie ajenti "futa ile ya pili na ya tano". Anafuta `@2`, halafu anafuta `@5`, na hiyo `@5` ya sasa ni ile iliyokuwa `@6` mwanzo. Umepoteza rekodi nzima ya kazi na hakuna ujumbe wowote wa kosa.

Niliyoandika: kabla ya kufuta au kurekebisha, toa `timew export` hapo hapo, nionyeshe rekodi kwa muda wake wa kuanza na tagi (lile jina la kazi, kama `duka`), nikikubali ndo utumie namba. Kama ni nyingi zitaje kwenye amri moja, `timew delete @2 @5`, usizifute moja moja. Usitumie namba uliyoiona mapema kwenye mazungumzo, hata kama ni dakika mbili zilizopita.

Ruhusa: kipi afanye mwenyewe, kipi aulize, kipi asiguse

Hapa kila mtu ana moyo wake, mimi nimegawa hivi na sababu nimeziandika ndani ya faili, maana nimeona ajenti akipewa sababu anaelewa hata hali ambayo sikuitaja.

Kusoma anasoma bila kuuliza: `timew`, `timew export`, `timew tags`, na `timew get dom.active` ambayo inajibu 1 kama saa inakimbia na 0 kama haikimbii.

`timew start` na `timew stop` anafanya nikimwambia tu, asijianzishie. Na ajue kwamba Timewarrior haiwezi kuendesha kazi mbili kwa pamoja, ukisema `start` wakati nyingine inakimbia ile ya kwanza inafungwa papo hapo. Kwa hiyo kabla ya `start` aangalie kama kuna kitu kinakimbia, aniambie.

`timew track`, `modify`, `delete`, `cancel` ni kuuliza kila mara. Hasa `cancel`, kwa jina inaonekana nyepesi, kumbe inatupa rekodi yote inayoendelea, sio kuisimamisha.

Ile `:adjust` nimemkataza kabisa. Ukijaribu kuweka rekodi inayogongana na nyingine programu inakataa na inakwambia urekebishe muda au uongeze `:adjust`. Mtu anasoma hiyo anarudi kuangalia muda. Ajenti anasoma anaona ameambiwa dawa, anaongeza `:adjust`, na programu inakata rekodi ya zamani ili mpya ipate nafasi. Yaani programu yenyewe ndo imempa panga. Andika kwa uwazi: *ukiambiwa muda unagongana, simama, nionyeshe rekodi zote mbili. Usiongeze :adjust hata kama programu inakushauri.*

Na mafaili ya data yenyewe asiyafungue kuyahariri kwa mkono. Akikosea kuna `timew undo`, inarudisha hatua ya mwisho, mwambie ipo ila aniambie kabla hajaitumia.

Masaa ya nani?

Hili sikulifikiria hadi lilipotokea. Nilimpa ajenti kazi ya kusafisha majedwali ya mteja nikaenda kula, yeye akafanya dakika arobaini, saa yangu ikiwa inakimbia. Je, hizo ni zangu? Kwangu jibu ni hapana, simwandikii mteja masaa ambayo nilikuwa nakula, kama makubaliano ni kulipwa kwa saa yangu basi ni saa yangu. Wewe unaweza kuwa na makubaliano mengine na mteja wako, ila mwulize, usiamue peke yako, na chochote mtakachokubaliana kiandike kwenye faili.

Kwa kuwa saa mbili haziwezi kukimbia pamoja kwenye ghala moja, ajenti nimempa ghala lake:

```
TIMEWARRIORDB=~/masaa-ya-ajenti timew start duka ajenti :yes
```

Mwisho wa wiki naona yangu kivyake na yake kivyake, na nikitaka kujua kazi gani anaimaliza haraka na ipi anazunguka tu, namba zipo.

Tagi

Fupi tu. Tengeneza orodha, mwambie hakuna tagi nje ya orodha hii bila kuniuliza. Bila hivyo leo ataandika `duka`, kesho `Duka`, keshokutwa `duka-vitambaa`, na kwa programu hivyo ni vitu vitatu tofauti. Tagi yenye nafasi ifungwe kwa alama za kunukuu, `"ada ya shule"`, la sivyo zinakuwa tagi tatu. Na kando ya kila tagi andika unavyomwita mteja huyo ukiongea. Mimi nasema "yule mama wa vitambaa", sijawahi kusema "duka", kwa hiyo faili linasema *mama wa vitambaa = duka*.

Sasa mjaribu

Rudi kwenye lile ghala la majaribio, fungua mazungumzo mapya kabisa, asiwe na kumbukumbu yoyote ya uliyokuwa unamweleza wakati unaandika, halafu mpe sentensi kama unavyozungumza, usizisafishe. Zangu ni hizi:

"Nimeanza na mama wa vitambaa saa tatu kasorobo asubuhi." Inatakiwa 08:45, tagi `duka`.

"Jana nilifanya kazi ya shule toka saa nane mchana mpaka saa kumi na nusu." 14:00 mpaka 16:30, tarehe ya jana, na aulize kabla ya kuandika.

"Futa ile ya mwisho." Aonyeshe kwanza.

"Niongezee saa moja kwenye ya leo." Hii nimeiweka makusudi kwa sababu saa moja ni muda na saa moja ni 07:00, na mtu anaweza kumaanisha chochote.

"Nilikuwa na kazi ya duka mpaka saa saba usiku." Aulize usiku wa kuamkia siku gani.

"Nimekuwa na duka toka asubuhi, andika."

Akikosea, usikimbilie kuandika kwa herufi kubwa USIFANYE HIVI KAMWE. Nimefanya hivyo na haisaidii sana, anaanza kuogopa kila kitu anauliza hadi yale ya kawaida. Weka mfano wa sentensi ile ile iliyomshinda na jibu lake sahihi, halafu fungua mazungumzo mapya ujaribu tena zote toka ya kwanza, maana ukiziba huku panaweza kufumuka kule. Juu ya faili andika toleo la programu ulilojaribia, linapatikana kwa `timew --version`, na tarehe. Siku ukifanya apdeti ya programu au ukibadilisha ajenti, pitia sentensi zote upya kabla hujamgusisha rekodi halisi.

Ile ya mwisho, ya toka asubuhi, ndo nnayoiangalia zaidi. Wa kwanza aliniandikia 08:00 mpaka sasa, namba safi kabisa, na hakuna sehemu yoyote nilisema 08:00. Nikaongeza kwenye faili mstari mmoja: *kama sijataja saa, hujui saa.* Nikafungua mazungumzo mapya, nikampa sentensi ile ile, akanijibu: "Asubuhi saa ngapi ulianza? Na ulipumzika katikati?"

Hilo la kupumzika sikulifundisha. Nimeliongeza kwenye faili.